Maneno Makubwa na Ufa wa Darasa

Leo twataka kuwapa habari ya barua moja tuliyoiandika sisi tufundishao Kiingereza hapa Mbekenyera, barua ambayo hata sasa tukiikumbuka twaona haya. Lakini haya yetu yaweza kuwafaa wazazi wenye watoto shuleni, na wale wote ambao jirani zao huwajia jioni na karatasi mkononi, wakisema, "Niandikie kwa Kiingereza."

Masika moja ukuta wa darasa la tano ulipasuka. Ufa ulianza chini ya dirisha, ukapanda hata kwenye kenchi. Wazee wa kijiji wakaja wakautazama, wakatia mikono ndani yake, wakasema, "Walimu, andikeni." Palikuwa na jumuiya moja ya ng'ambo iliyokuwa ikisaidia shule kwa mabati na saruji, na watu wake hawakujua Kiswahili. Basi tukakaa usiku, taa mezani na kamusi katikati, tukaandika. Hatukutaka kusema ya kwamba ufa ni "big", maana neno hilo hata mtoto wa darasa la tatu alijua, nasi ni walimu. Tukafungua kamusi tukachuma maneno kama watu wachumao maembe ya jirani aliyesafiri. Ufa tukauita "enormous". Hatari yake tukaiita "colossal". Umaskini wetu tukauita "gigantic", na shukrani tutakazotoa tukaziita "very immense". Kisha mmoja wetu akaisoma barua kwa sauti, wengine wakisikiliza, tukaona imeshiba.

Jibu likaja baada ya majuma sita, nalo lilikuwa la mistari mitatu. Walitushukuru, wakasema wamesikia habari ya ufa, wakauliza: Urefu wake ni kiasi gani? Upana wake ni kiasi gani? Je, watoto wangali wakikaa ndani? Tukapima upesi tukaandika tena, lakini barua ya pili ilipofika, mabati na saruji ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kugawiwa shule nyingine. Watoto arobaini na watatu wakasoma chini ya mwembe hata mvua zikakatika, na siku mvua iliponyesha hawakusoma kabisa.

Hatuwalaumu waliotujibu. Wao hawakuuona ule ufa, wala katika barua yetu ya kwanza hapakuwa na neno moja la kuwaonyesha. Tangu hapo tumeyachunguza sana maneno haya ya Kiingereza yatajayo ukubwa, jinsi yalivyozaliwa na jinsi yatumikavyo, nasi twaona ya kuwa si kosa letu peke yetu. Kila mwaka twalikuta katika madaftari ya wanafunzi.

Sababu moja ni Kiswahili chetu chenyewe. Mswahili akitaka kukuza kitu hana haja ya kutafuta neno jipya. Hulichukua jina la kitu akaligeuza kichwa. Nyoka akawa joka, mtu akawa jitu, nyumba ikawa jumba, ndege akawa dege. Tena haikatazwi kuongeza juu yake: twasema "joka kubwa", na mtu akiwa ameogopa kweli husema "joka kubwa sana sana", wala hapana mwalimu atakayemkemea. Kiingereza hakigeuzi majina hivyo. Chenyewe kimeweka akiba ya maneno mengi ya sifa, kila moja na mahali pake, na mtoto wetu akiyaona yote kwenye kamusi yameandikiwa maana ile ile, "kubwa sana", hudhani ni sawasawa kama punje za mtama.

Na tuanze na yale madogo. Katika Kiswahili tunayo -kubwa na -kuu, nasi hatuyachanganyi. Mwalimu mkuu aweza kuwa mtu mfupi na mwembamba. Njia kuu yaweza kuwa nyembamba kuliko uwanja wa mpira. Basi mara nyingi Mwingereza husema "great" pale tusemapo -kuu, na "big" au "large" pale tusemapo -kubwa. Yule mfalme Iskanda wa Makedonia huitwa "the Great", wala si "the Big", kwa kuwa sifa ni ya matendo yake, si ya kimo chake. Lakini lugha haipendi kufungwa kamba. Wanafunzi wetu hudhani "Great Britain" ni majivuno ya Waingereza, kumbe neno lile lilikuwa la vipimo tu: lilitenga kisiwa kile kikubwa na ile Britania ndogo, nchi ya Brittany iliyoko Ufaransa. Nayo Ijumaa Kuu, ambayo mtu angetazamia iitwe kwa "great", Waingereza huiita kwa neno la wema. Twasema hivi ili msomaji asije akadhani tumempa kanuni isiyo na tundu.

Asiyejua tofauti hii huweza kuaibisha nyumba. Siku moja shuleni kwetu alikuja mgeni mwenye cheo, naye kwa bahati alikuwa pandikizi la mtu. Mwanafunzi aliyechaguliwa kumkaribisha alikuwa ameandika hotuba yake mwenyewe, nasi kwa uvivu hatukuisahihisha. Alitaka kusema "mgeni wetu mkubwa", akasema kwa sauti safi, "our huge guest". Mgeni akajitazama tumbo, akacheka hata machozi yakamtoka, na Mungu na ambariki kwa kucheka. Twajua wengine ambao wasingecheka. Hata "large", neno lionekanalo la upole, likitajwa juu ya mwanamke maana yake ni mnene. Na unene, ambao kwetu bibi huweza kuusifu kuwa ni afya, kwa Waingereza hautajwi mbele ya mwenyewe.

Tena kuna mambo ambayo kwetu ni makubwa, na kwao yana sifa nyingine. Mvua kubwa si "big rain", bali ni mvua nzito, "heavy". Sauti kubwa si "big voice" ikiwa twamaanisha makelele, ni "loud". Hayo yote hayana njia ya mkato, ila kusoma na kusikia.

Sasa tuyatazame yale majitu yenyewe. "Enormous" lilitoka katika Kilatini, na ndani yake limo jina la kipimo cha seremala, kile cha pembe mraba. Kitu kilicho "enormous" kimetoka nje ya kipimo, yaani kimepita kiasi, kama tusemavyo wenyewe. "Immense" ni kitu kisichopimika. "Tremendous" ni kitu cha kutetemesha. "Vast" hutumika zaidi kwa kitu kilichotandaa, kama bahari au pori. Ng'ombe hata awe mnono namna gani hawezi kuwa "vast". Na "colossal" ni mtoto wa sanamu. Katika kisiwa cha Rodo, ambako merikebu ya Mtume Paulo ilipita katika safari yake ya Yerusalemu, watu walisimamisha sanamu ya shaba ya mungu wao wa jua, wakaimaliza yapata miaka 280 kabla ya Kristo. Urefu wake ulikuwa kama mita 33. Haikusimama hata miaka sitini; tetemeko la nchi likaikata magotini. Paulo alipopita, sanamu ilikuwa imeanguka zamani, na neno tu ndilo lililosimama, linasimama hata leo. Nalo ndilo tulilolitumia sisi kwa ufa wetu!

Basi jambo moja la sarufi, kisha twaendelea. Maneno haya yamekwisha kumeza "sana". "Big" hukubali "very", lakini "enormous", "gigantic" na wenzao huikataa, maana ni kama kumwambia mtu aliyekwisha kushiba ale tena. Mwingereza akitaka kuyatilia nguvu husema "absolutely", yaani kabisa. Ile "very immense" yetu, kwa masikio yao, ilikuwa kama mtu kusema "isiyopimika sana". Kama haipimiki, haipimiki.

Lakini hakuna neno ambalo sisi wa mkoa huu wa Lindi tungepaswa kulijua vizuri kuliko "gigantic", litokalo katika neno la Kiyunani la jitu, kwa sababu jina la ukoo huo limekwisha kupewa mifupa ya nchi yetu. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa madini, Bwana Bernhard Sattler, Mjerumani, aliiona mifupa ya ajabu ikitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, upande wa bonde la Mbwemkuru. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuitazama, na mwaka 1908 akamwandika mnyama yule katika kitabu kwa jina la Gigantosaurus, yaani mjusi jitu. Kisha, tangu mwaka 1909 hata 1913, jumba la makumbusho la Berlin likaleta wachimbaji chini ya mabwana Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba hasa walikuwa watu wa nchi hii, mamia kwa mamia, na mkubwa wao wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikachukuliwa kwa vichwa na mabega hata bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Hapakuwa na reli wala gari. Msomaji aliyewahi kubeba debe la maji kutoka kisimani na afikiri.

Hata hivyo lile jina kubwa halikudumu. Mwingereza mmoja, Harry Seeley, alikuwa amekwisha kulitumia mwaka 1869 kwa mifupa mingine ya kwao, na kanuni ya wataalamu ni kwamba jina likishikwa halipewi mwingine. Kwa hiyo mwaka 1911 mnyama wa Fraas akavuliwa jina lake. Mwaka 1914 Janensch akampa mnyama mrefu kuliko wote wa Tendaguru jina la Brachiosaurus, akimfananisha na mwenzake wa Marekani. Mwaka 1988 mtaalamu mwingine akaona ya kuwa huyu wetu si yule wa Marekani, akatoa jina la Giraffatitan, jitu la twiga, na tangu mwaka 2009 wataalamu wengi wamelikubali. Majina yamevaliwa na kuvuliwa kama kanzu. Mifupa haikuongezeka wala haikupungua. Mfupa wa juu wa mkono una sentimita 213, yaani mtu mrefu akilala kando yake, mfupa humpita. Mnyama mzima amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, na baada ya kupangwa upya mwaka 2007 kichwa chake kiko mita 13 na sentimita 27 juu ya sakafu.

Tuliposoma hesabu hizo darasani tulifanya jaribio. Tuliwaambia wanafunzi kwanza, kwa Kiingereza, ya kwamba mnyama wa Tendaguru alikuwa "gigantic". Wakaandika daftarini, wakangoja neno lijalo. Kisha tukawatoa nje, tukapima kwa kamba mita 13 na sentimita 27 juu ya mchanga, tukamwambia mtoto mmoja asimame mwisho huu na mwingine mwisho ule, tukasema, "Sasa isimamisheni kamba hii kwa akili zenu." Wakanyamaza. Mmoja akatazama juu ya mnazi wa jirani yetu, akasema kwa Kiswahili, "Angekula bila kupanda." Hatukuhitaji kamusi siku ile.

Hapo mtu aweza kusema, basi dawa ni hesabu: weka hesabu na uongo utakimbia. Nasi tulikuwa tukifikiri hivyo, hata tukakumbuka karanga.

Wazee wa huku wanajua habari hii, na waliobaki wanaoikumbuka kwa macho ni wachache. Baada ya vita vikuu vya pili Waingereza walikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakaleta wajumbe chini ya Bwana John Wakefield kutafuta nchi ya kulima karanga, nao wakaitazama sehemu kubwa ya nchi kwa eropleni. Wakaandika ya kwamba ekari 3,210,000 zaweza kulimwa, nyingi zikiwa katika Tanganyika, na sehemu kubwa katika jimbo hili la kusini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikaja na Nachingwea. Tazameni, hapo hesabu zilikuwako, tena ndefu na zilizonyoka. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, wakapanda kama 7,500. Visiki vya miti vilivunja matrekta, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu, na mvua haikusoma taarifa ya wajumbe. Mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha mpango ule mkubwa, na zaidi ya paundi milioni 36 zimekwisha kupotea. Reli iliyotoka pwani kuja Nachingwea kwa ajili ya karanga, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataruma yakang'olewa.

Kwa hiyo twasema kwa hadhari. Ile ekari milioni tatu na ushei, twaonavyo sisi, haikuwa kipimo. Ilikuwa "vast" iliyovaa nguo za tarakimu. Urefu wa mfupa wa Tendaguru ulipatikana kwa mtu kupiga magoti na kuushika. Zile ekari hakuna aliyezitembea zote, wala aliyetia jembe kila mahali akaona linaingia kiasi gani. Hatusemi haya kuwadharau wale waliokufa na kazi yao. Twasema kwa kuwa sisi wenyewe, katika barua yetu ya pili, tulishawishika kuongeza sentimita mbili kwenye upana wa ufa ili kusaidia maneno. Mmoja wetu alikataa, nasi tukaona haya mara ya pili.

Jambo la kuchekesha ni kwamba siku hizi maneno haya ya majitu yamegeuka kuwa vipimo hasa. Vijana wetu huenda dukani kununua vifurushi vya intaneti, wakisema, "Nipe giga moja." Giga ni lile lile jitu la Kiyunani. Mwaka 1960 wataalamu wa vipimo walikubaliana ya kwamba giga iwe elfu mara milioni moja, kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Na tera, ambalo kwa Kiyunani ni dubwana, likapewa elfu mara giga. Tuliwaeleza wanafunzi wa darasa la saba habari hii, wakafurahi sana kwamba wamekuwa wakinunua majitu kwa shilingi. Kisha mvulana mmoja akauliza kama mwenye duka huwapimia jitu zima au hulikata mguu. Swali hilo tuliliacha, maana mwenye duka ni mzazi.

Ukuta wa darasa la tano ulijengwa upya kiangazi kile kile na wazazi wenyewe, kwa matofali waliyoyafyatua na kuyachoma, na saruji iliyonunuliwa kwa fedha za ufuta. Barua zetu mbili tumeziweka pamoja katika jalada. Ile ya kwanza ina kurasa mbili. Ya pili ina mistari minane, na neno la ukubwa lililomo ni moja tu, "big", likifuatwa na maneno haya kwa Kiingereza chepesi: ufa una urefu wa mita tatu na sentimita kumi, juu mkono wa mtu mzima huingia hata kiwikoni, na watoto tumewatoa. Twaisomesha kila mwaka, na kila mwaka yupo mtoto anayesema ya kwamba ile ya kwanza ni nzuri zaidi.

Mwaka jana wazee walikuja tena. Daraja la magogo njiani kwa shamba lilikuwa limechukuliwa na maji, na akina mama wenye watoto mgongoni walikuwa wakivuka wakishikana mikono. Wakasema kama zamani, "Walimu, andikeni." Mmoja wetu akaingia ndani kutafuta kalamu, na mwingine akaenda kwa fundi seremala kuazima futikamba, tukashuka mtoni wote pamoja na wazee, tukapima. Jibu bado halijaja.